Kabla ya kulipia PRP, hebu ulizia chupa kwanza

PRP ni kutolewa damu yako, ikazungushwa kwenye mashine, alafu sehemu yake ukadungwa tena usoni au kichwani. Watu wawili wakikwambia wamefanyiwa PRP usidhani wamefanyiwa kitu kimoja. Mmoja huenda kadungwa plazma, yaani maji ya damu, iliyosheheni pleteleti, zile chembe za kuziba jeraha, mwengine kadungwa maji ya manjano ya damu yake ambayo hayana tofauti kubwa na yale yaliyokuwa yakimzunguka mwilini kabla hajalipa, na wote wawili risiti zao zina herufi zile zile tatu. Mimi kazi yangu ni maabara, hapa hapa Malindi, damu ndiyo naishika kutwa, na hili jambo laniuma kwa sababu wanaoniuliza ni watu wangu: mabinamu, mashoga, kina dada wa mtaani, mabibi harusi ambao siku yakaribia na wataka uso ung'are, akina mama ambao nywele za mbele zimerudi nyuma mpaka mtandio hawauvui hata mbele ya dada zao. Na swali lao huwa ni moja, PRP na PRF ipi bora? PRF nayo ni damu yako mwenyewe, ila yaandaliwa kwa njia nyengine. Siku hizi wameongeza na eksosomu, bidhaa ya vichupa ambayo ntaifikia mwisho.

Swali zuri na ntalijibu, lakini jibu lake liko kwenye chupa na kwenye mashine, na kabla ya chupa liko kwenye ugonjwa wenyewe. Nivumilieni, hii itakuwa ndefu.

Tuanze na chenyewe kinachouzwa. Kwenye damu mna chembe nyekundu, mna chembe nyeupe, alafu mna chembe sahani, pleteleti kama twaziita kazini, vijipande vidogo sana ambavyo havina hata kiini, vinamegeka kutoka kwa seli kubwa zilizoko kwenye uboho wa mifupa. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo baina ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 hivi basi. Kazi yake tunayoijua sote ni kuziba, ukijikata na kisu ukimenya muhogo hizo ndizo za kwanza kufika. Lakini ndani zimebeba vifuko vya protini, vichocheo vya ukuaji, na vikipasuka pale kwenye jeraha zile protini huziamrisha seli za jirani zijigawe, zitengeneze kolajeni inayoishika ngozi, zioteshe vijishipa vipya vya damu. Basi watu wakafikiri, kama hizi ndizo zinazoanzisha kupona, tukizikusanya nyingi tukazipeleka mahali tunapotaka si patapona upesi zaidi?

Wazo lenyewe halikuanzia saluni. Jina PRP, yaani plazma yenye pleteleti nyingi, lilikuwa likitumika zamani na watu wa damu kwa mambo ya kuongezea wagonjwa pleteleti, alafu mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa kinywa Mmarekani, Robert Marx, na wenzake wakaandika jinsi walivyoitumia kwenye vipandikizi vya mfupa wa taya. Kutoka kwenye taya ikaenda kwenye magoti na kano za wanamichezo, ikafika kwenye ngozi na nywele. PRF nayo, yaani fibrini (zile nyuzi za damu iliyoganda) yenye pleteleti nyingi, ilitoka Ufaransa mwaka 2001 kwa daktari Joseph Choukroun, naye pia mambo yake yalikuwa ya meno na mifupa ya taya. Kwa hivyo zote mbili zazaliwa kwenye vidonda vya upasuaji, uso na kichwa zilikuja baadaye, na hilo lafaa kukumbukwa mtu akikwambia hii ilitengenezwa kwa ajili ya nywele.

Sasa chupa. Kwa PRP damu yako inatolewa mkononi inaingia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, mara nyingi ni sitrati. Inawekwa kwenye sentrifuji, ile mashine inayozungusha kwa kasi, na ikisimama damu imejitenga: chembe nyekundu zimezama chini, juu yake ukanda mwembamba mweupe wa chembe nyeupe na pleteleti nyingi, na juu kabisa plazma ya manjano. Wengine huzungusha mara moja wakachota, wengine huzungusha pole pole kwanza, wakahamisha plazma, wakaizungusha tena kwa nguvu pleteleti zikae chini, wakamwaga yale maji ya juu ambayo hayana kitu na kubakisha kidogo kilicho kizito. Hizo njia mbili hazitoi kitu kimoja. Na hata ile ya kubakisha chembe nyeupe au kuziacha ni uamuzi, kuna matabibu hawazitaki kwenye uso kwa sababu huleta uvimbe na maumivu zaidi.

Kwa PRF hakuna dawa ya kuzuia kuganda. Damu yaingia kwenye chupa tupu na mbio mbio yaenda kwenye mashine, inazunguka taratibu zaidi, kwa ile ya kudungwa kwa sindano mfumo unaojulikana ni mizunguko 700 kwa dakika kwa dakika 3 tu, alafu ile plazma ya juu inachotwa na kudungwa kabla haijaganda. Ukichelewa imekuwa jeli ndani ya sindano na kazi imeisha. Ikishaingia mwilini inaganda huko huko, inatengeneza wavu wa fibrini unaozishika pleteleti na chembe nyeupe, na vile vichocheo vinatoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, tofauti na PRP ambayo ikishaamshwa humwaga sehemu kubwa ya mzigo wake ndani ya saa ya kwanza.

Hapo ndipo wauzaji wa PRF wanapopigia debe, wasema yetu yatoka pole pole kwa hivyo ni bora. Maabara ni kweli yatoka pole pole, hilo limepimwa. Lakini kutoka pole pole ndani ya chupa na kuotesha nywele kichwani mwa mtu ni mambo mawili, na majaribio makubwa ya kuwalinganisha watu, huyu PRF huyu PRP, yakaonyesha wazi mmoja ameshinda kwenye nywele, mimi sijayaona. PRP ndiyo imefanyiwa tafiti nyingi zaidi kwa nywele kwa sababu ilitangulia. Mimi nikiulizwa nichague nasema hivi: mtabibu anayejua PRP yake vizuri, anayehesabu, namwamini kuliko mwenye PRF ya jina jipya asiyejua chupa yake ina nini.

Kuhesabu ndiko nataka tukae hapo kidogo kwa maana ndiko watu wanakoibiwa bila kujua.

Chukua mtu ana pleteleti 250,000 kwa mikrolita, ambayo ni hesabu ya kawaida kabisa. Katolewa mililita 10 za damu, chupa moja ndogo. Tabibu akatoa plazma mililita 5. Hata kama mashine ni ya ajabu na hakupotea hata pleteleti moja, zile zilizokuwa kwenye 10 sasa ziko kwenye 5, kwa hivyo umepata 500,000, yaani mara mbili, na hapo umefika mwisho. Kile kiwango ambacho watafiti wengi hukitaja kama shabaha ni kama 1,000,000 kwa mikrolita. Ili ukifikie kutoka kwenye chupa hiyo hiyo lazima ubaki na mililita 2.5 tu, na hiyo ni kama hakuna kilichopotea, na kazini siku zote kinapotea. Ni kama tui, nazi moja ukitaka sufuria ijae utapata tui jepesi, ukitaka kasimele utapata kikombe. Kwa hivyo mtu akikutoa chupa moja ya damu akakwambia atakudunga kichwa kizima, mililita 5 au 6, na ni "mara tano ya pleteleti zako", hesabu hiyo haiwezekani, si Malindi wala Milano. Kichwa kizima kwa kiwango kile chahitaji damu nyingi zaidi, ndiyo maana kliniki za kweli hutoa mililita 30, wengine 60.

Jambo jengine la mashine. Utamsikia mtu asema sisi huzungusha 3,000 kwa dakika kama alivyosoma mahali, lakini mizunguko peke yake haikwambii nguvu, nguvu yategemea pia upana wa ile mashine. Mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 ikizunguka 3,000 inatoa nguvu kama mara 1,000 ya mvutano wa dunia, yenye sentimita 15 kwa mizunguko ile ile inatoa kama 1,500. Kwa hivyo maagizo ya mashine moja ukiyapeleka kwenye mashine nyengine bila kupiga hesabu huenda ukazizamisha pleteleti zote kwenye nyekundu, ukachota maji matupu na ukadunga. Hakuna atakayejua kwa macho kwa sababu rangi ni ile ile ya manjano. Njia ya kujua ni moja, kupima: tone la damu kabla, tone la plazma baada, yapite kwenye mashine ya kuhesabu damu ile ile tunayotumia kila siku kwa vipimo vya kawaida. Kuuliza "hua mnahesabu pleteleti?" si utovu wa adabu. Jibu likiwa la kukuzungusha utalisikia.

Na chupa zenyewe jamani. Zile za vifuniko vya rangi rangi mnazoziona maabara, ya zambarau, ya nyekundu, zimetengenezwa damu itoke iende ikapimwe kisha itupwe. Hazikutengenezwa ili kilichomo kirudi mwilini mwa mtu. Ya zambarau ina EDTA, dawa nyengine ya kuzuia kuganda, ambayo inazivuruga pleteleti umbo lake, nyekundu nyingi za plastiki zimepakwa silika ili damu igande haraka, sasa hiyo silika wataka ikadungwe usoni? Chupa za PRP na PRF ni zake peke yake, safi ndani kwa viwango vya kudunga, na pakiti yake imeandikwa hivyo na tarehe ya kwisha. Omba ifunguliwe mbele yako. Mimi ningeomba hata kama ni daktari namheshimu.

Haya, nywele. Hapa ndipo nina mengi kwa sababu ndipo machozi yalipo.

Nywele zinaanguka kwa sababu nyingi na damu yako haizitibu zote. Iliyo na ushahidi mzuri zaidi kwa PRP ni upara wa kurithi, ule ambao kwa wanaume huanza kwenye kona za paji na utosi, na kwa wanawake ule mstari wa katikati ukichana nywele wazidi kupanuka. Mashina ya nywele hayajafa hapo, yamesinyaa, kila mzunguko nywele inatoka nyembamba zaidi na fupi zaidi. Tafiti nyingi ni ndogo na kila mmoja ana njia yake, ndiyo tabu, lakini zikikusanywa pamoja zaonyesha nywele huongezeka ukilinganisha na waliodungwa maji ya chumvi. Kawaida ni mara tatu, mwezi mmoja kati ya moja na nyengine, alafu kurudia kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu homoni na urithi havijaenda popote. Huo ni mkataba wa muda mrefu, uangalie mfuko wako kabla hujaanza, mara ya kwanza tu haitoshi.

Na lazima niseme, kwa upara huu minoxidil ipo. Ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele, ikageuzwa ya kupaka na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988. Inapatikana kwenye duka la dawa, bei yake haikaribii bei ya kudungwa, na ina ushahidi kuliko vyote nilivyotaja. Wiki za kwanza nywele huweza kumwagika zaidi, watu huogopa wakaacha, na ukiiacha ulichokipata chaondoka. Mjamzito na anayenyonyesha asiiguse. Finasteride ya milligramu 1 nayo iliidhinishwa 1997 kwa wanaume, mwanamke mwenye mimba hafai hata kushika kidonge kilichovunjika. PRP juu ya hizi yaweza kusaidia zaidi, PRP mahali pa hizi mtu akisema tu ni "ya asili" mimi sioni sababu.

Sasa zile nywele za pembeni mwa paji. Rasta nzito, wivi, kusuka kwa kubana mpaka macho yanavutika, na kile kifundo cha nyuma kinachofungwa kila siku chini ya mtandio, vyote huvuta shina la nywele mwaka baada ya mwaka. Mwanzo kuna maumivu na vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, hapo ukiacha kubana zinarudi bila sindano yoyote, wallahi bila sindano. Ukiendelea shina linakufa na kovu linachukua nafasi yake. Angalia kwa taa nzuri: ukiona vijitundu na vinyweleo vyembamba kuna matumaini, ukiona ngozi laini inang'aa bila tundu hata moja, hapo hakuna cha kuamsha. Pleteleti huamsha kilicholala, kilichokufa hakiamki. Nimemwona mtu karibu yangu kachangiwa na dada zake pesa za matibabu kwa ngozi ya namna hiyo, na aliyempokea hakumwambia neno, alimtoa damu tu akamdunga. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kuna huu mwengine unaanzia utosini katikati unapanuka kama duara, unawasha au unachoma na wakati mwengine haufanyi chochote mpaka sehemu iwe wazi. Huu ndio upara wa kovu unaowapata sana wanawake weusi, na mwaka 2019 watafiti waligundua baadhi ya wenye nao wana hitilafu kwenye jeni ya urithi iitwayo PADI3, kwa hivyo usimwambie mtu ni uchafu au ni rilaksa peke yake. Kuna uvimbe unaendelea chini ya ngozi ukila mashina, na kila mwezi unaopotea ni mashina yanayopotea. Huu wahitaji daktari wa ngozi, pengine kukatwa kipande kidogo cha ngozi kipimwe, na dawa za kutuliza uvimbe kwanza. Najua daktari wa ngozi kwetu si wa kumpata kila kona, wengi hupanda gari mpaka Mombasa. Pandeni. Nauli ya Mombasa ni ndogo kuliko sindano moja.

Mabaka ya duara yanayotokea ghafla, ngozi laini, huo ni mwili wenyewe kushambulia mashina. Hutibiwa kwa sindano za steroidi pale pale kwenye baka, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib kwa hali kali. PRP imejaribiwa kwa watu wachache wachache, singeianza nayo. Na mtoto mwenye mabaka ya magamba kichwani hayo ni mashilingi, apewe dawa ya kumeza, krimu peke yake haifiki kwenye shina.

Nyengine ni ya wazazi wapya. Mtoto akifika miezi miwili mitatu mama anachana nywele zinatoka kwa mafungu, analia, anadhani anapata upara. Hiyo ni kawaida, ujauzito ulizizuia nywele kuanguka na sasa zaanguka zote pamoja, na zitarudi zenyewe ndani ya mwaka hivi. Sasa fikiria mama huyu kaenda kliniki mwezi wa nne, kadungwa mara tatu, mwezi wa tisa nywele zimerudi, anaweka picha mtandaoni PRP imeniokoa. Hasemi uongo, anaamini. Picha nyingi za kabla na baada mnazozishangaa ni za nywele zilizokuwa zinarudi hata hivyo, na ndiyo maana mimi nataka tafiti zenye kundi la kulinganisha, nusu wadungwe maji.

Kabla ya yote hayo pimeni damu: hemoglobini, akiba ya chuma, tezi ya shingo. Wanawake wetu wengi hedhi zao ni nzito na chuma kiko chini, nywele zinaanguka kwa njaa ya chuma. Kipimo hicho mtu akifanyiwa kwetu anarudi nyumbani kwa tuktuk na majibu mkononi.

Uso nitausema kwa kifupi kidogo. Pale PRP inapoonyesha faida ya kueleweka ni kwenye makovu ya chunusi, yale mashimo, ikitumiwa pamoja na ile kalamu ya sindano ndogo ndogo inayotoboa ngozi. Kwenye baadhi ya tafiti waliofanya nusu ya uso kwa kalamu na maji ya chumvi na nusu kwa kalamu na PRP, ya PRP imepona upesi zaidi na makovu kupungua zaidi, lakini kazi kubwa yafanywa na ile kalamu. Kwa mikunjo na ngozi iliyochoka kuna utafiti mmoja naupenda kwa ukweli wake, ulichapishwa 2018 kwenye jarida la madaktari wa ngozi Marekani: upande mmoja wa uso PRP, upande mwengine maji ya chumvi, na baada ya miezi sita wenyewe wakasema ule wa PRP umekuwa bora, lakini madaktari waliotazama bila kujua upande upi ni upi hawakuona tofauti. Ukikaa ukafikiri hilo utaelewa kwa nini sifa za rafiki yako hazitoshi.

Madoa ya jua mashavuni, melasma, yamejaribiwa pia na mengine yalififia, ila kwa jua letu hili, mtu atoka kwa kliniki anatembea Barabara ya Lamu saa saba mchana bila kinga, hakuna sindano itakayoshinda. Krimu ya kukinga jua yenye rangi kidogo ndani yake kwa sababu mwanga wa kawaida pia huleta madoa, kofia, mtandio, ndio mwanzo. Na mkorogo wowote wa zebaki au haidrokwinoni uache kwanza, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya na bado vyauzwa. Na ukiwa mtu wa makovu yanayovimba, yaani ulitoboa sikio likaota kinundu, mwambie tabibu kabla hajashika hiyo kalamu. Ngozi nyeusi ikiumizwa hovyo huacha doa jeusi la miezi, pengine baya kuliko ulichoendea.

Usalama sasa, na hapa naomba msikimbie. Watu husema damu ni yako mwenyewe kwa hivyo haina hatari. Ni kweli mwili haukatai damu yake. Lakini uhakika kwamba ni yako umeutoa wapi? Kliniki ina wateja watatu asubuhi, chupa tatu za manjano zafanana, kama hazikuandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa pale pale kando ya mkono uliotolewa damu basi kila kitu kinategemea kumbukumbu ya mtu. Kuanzia mwaka 2018 huko Albuquerque, New Mexico, Marekani, wateja wa saluni moja isiyo na leseni iliyofanya huu "uso wa vampaya", jina lililovuma baada ya Kim Kardashian kuweka picha yake 2013, walipatikana na virusi vya UKIMWI, na ripoti ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani iliyotoka 2024 ikaeleza wachunguzi walikuta chupa za damu zisizo na lebo juu ya kaunta ya jikoni na nyengine kwenye friji pamoja na chakula, na vifaa vya kutumiwa mara moja vikirudiwa. Homa ya ini aina ya B nayo hupita kwa njia hiyo hiyo na kirahisi zaidi.

Kwa hivyo tazama. Jina lako kwenye chupa kabla haijaondoka mkononi mwako. Sindano na kichwa cha kalamu vifunguliwe mbele yako na vitupwe kwenye boksi la njano mbele yako. Glavu mpya. Anayekudunga awe kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, wana ukurasa wa kutafuta jina, na anayekutoa damu na kuendesha mashine aulizwe usajili wake vile vile, sisi watu wa maabara tuna bodi yetu. Stima ikipotea katikati ya mzunguko, na twaijua stima yetu, damu hiyo isiunganishwe tu umeme ukirudi, kwa PRF ndiyo kabisa imeshaanza kuganda. Itupwe waanze upya. Na hii ya kuitiwa mtu aje nyumbani na mashine kwenye mkoba, mabibi harusi kumi kwa pamoja ukumbini, hapana, tafadhali hapana.

Mwenye pleteleti chache, mwenye maambukizi pale panapodungwa, anayetibiwa saratani, anayetumia dawa za kulainisha damu, asidungwe bila daktari wake kujua. Dawa kama aspirini na ibuprofen huzilaza pleteleti, aspirini kwa maisha yake yote pleteleti ile, ndiyo maana huambiwa ujiepushe nazo siku kadhaa kabla, lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa ajili ya uso, muulize aliyekuandikia. Wanaoniuliza kama hijama yaweza kuchukua nafasi yake, hijama damu hutolewa ikamwagwa, hii hurudishwa sehemu yake, ni vitu viwili na utafiti wa kimoja hausemei kingine. Na kama ni halali kurudishiwa hilo mpelekeeni sheikh wenu na mumweleze vizuri kinachofanywa, sitalijibu mimi.

Eksosomu. Hizi ni vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa vikiwa na ujumbe ndani, hata pleteleti huvitoa. Lakini kinachouzwa kwenye vichupa vidogo mara nyingi hakikutoka kwako, kimetoka kwenye seli za mtu mwengine au hata mimea, kimekaushwa kikasafirishwa. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba hakuna bidhaa ya eksosomu iliyoidhinishwa, baada ya watu kudhurika. Nyengine pakiti yake yenyewe imeandikwa ya kupaka tu na mtu anaidunga. Sayansi yake yavutia na huenda miaka ijayo tukaongea mengine, kwa leo mtu wangu akiniuliza namwambia asidungwe hiyo. PRP na PRF angalau najua zimetoka kwenye mshipa wa nani.

Ukishaamua, hakikisha ugonjwa unajulikana jina, alafu piga picha kabla ya sindano ya kwanza: dirisha lile lile, saa ile ile, nywele kavu zimegawanywa mstari ule ule, bila mafuta ya nazi kwa sababu mafuta hubadilisha muonekano wote. Siku mbili za kwanza usiende baharini kuogelea, usikae juani, usisuke, uvimbe kidogo na maumivu ni kawaida ila usaha, joto na maumivu yanayozidi rudi siku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu utaona nywele kuanguka kumepungua ikiwa yafanya kazi, mwezi wa sita rudia picha dirisha lile lile na umwonyeshe mtu ambaye hajui ipi ya kwanza na ipi ya pili. Akishindwa kuzitofautisha usilipe mara ya nne.